Miraba ya Kijivu

Wifi yangu anaujua mji huu wote kutoka juu, lakini mtume dukani mtaa wa pili, atapotea. Simsingizii. Siku moja alitoka kwetu kwenda kituo cha basi, akakunja kushoto badala ya kulia, akatokea nyuma ya mashine ya kusaga, viatu mkononi, matope hadi magotini, akatupigia simu kuuliza yuko wapi. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, alicheka mpaka akakaa chini. Mtu huyohuyo, mwekee picha ya mji iliyopigwa na setilaiti, atakuonyesha paa la nyumba yetu kabla hujameza mate.

Kazi yake ni kuutabiri mji. Yuko idara ya ardhi, chumba cha mwisho cha ujia mrefu, chenye kompyuta iliyovuliwa ubavu ili ipate hewa, na feni inayoipepea kompyuta badala ya kumpepea yeye. Wenzake walimbandika jina la Mpiga Ramli, nalo likamganda. Hata mlinzi wa getini humwita hivyo, na wapo wanaopita chumbani kwake kumuuliza, kwa utani na bila utani, wanunue kiwanja upande gani. Huwajibu kwamba yeye haoni viwanja, anaona miraba.

Alinieleza kazi yenyewe mara nyingi, na mimi fundi cherehani nimeielewa kifundi cherehani. Anachukua ramani mbili za mji, moja ya zamani na moja ya miaka ya karibuni. Anaugawa mji kuwa miraba midogo, kila mraba ukubwa wa nyumba na uwanja wake. Kila mraba una rangi: nyumba ni nyekundu, shamba njano, msitu kijani kilichokolea, maji bluu, na kinamasi, yaani ile ardhi ya bondeni inayonywa maji, ni kijani hafifu. Aina tano, basi. Programu inalinganisha ramani hizo mbili na kujifunza tabia za mji: mraba uliopakana na barabara ulijengwa haraka, mraba uliozungukwa na nyumba haukubaki shamba. Ikishajifunza, anaiachia iende mbele mwaka baada ya mwaka, hadi miaka ambayo bado haijafika, na wekundu unasambaa kama upele. Wao huiita modeli. Nilimwambia ni sawa na kumkatia mtoto sare ya mwaka kesho kwa kuangalia kipimo cha mwaka juzi na cha mwaka huu. Akasema ndivyo hasa, ila mtoto huyu hatulii apimwe.

Jambo moja hakuiachia mashine ijifunze. Sheria inasema mabondeni hakujengwi, kwa hiyo miraba yote ya kinamasi aliifunga kwa mkono wake. Kufunga ni neno lao: mraba uliofungwa haubadiliki rangi hata majirani zake wote wageuke wekundu. Aliona amefanya la busara, ameifundisha mashine sheria. Hakujua kwamba mashine ndiyo ingekuwa peke yake mjini inayoitii.

Sisi tunakaa ukingoni mwa bonde, mimi, mume wangu na mama mkwe, katika nyumba ya chini kabisa ya mtaa. Cherehani yangu iko dirishani. Tangu niolewe nimeshona nikitazama matete na matuta ya mboga ya Mama. Mvua ikizidi, bonde hujaa kama beseni, hukaa hivyo kwa muda, kisha maji hunywea taratibu. Hayajawahi kuingia ndani. Mama husema bonde ndilo lenye nyumba, sisi ni wapangaji wake tu, na mpangaji mwenye adabu hagombani na mwenye nyumba.

Kisha yakaanza kuja malori ya kifusi. Kwanza lilikuja moja, alfajiri, kama linaona haya. Baadaye yakaacha haya, yakawa yanakuja mchana kweupe na kupiga honi ili tuondoe nguo zetu kambani. Yanamwaga matofali yaliyovunjika, vipande vya zege, masinki yaliyopasuka, udongo mwekundu, na nyuma yake linakuja katapila kusawazisha. Mwenye malori hatujamwona hadi leo. Madereva walisema wao wametumwa, na aliyewatuma naye ametumwa. Tulikwenda ofisi ya mtaa kulalamika. Wakaja, wakatazama, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaondoka. Matuta ya Mama yalifukiwa upande mmoja, naye akahamishia mboga upande wa pili bila kusema neno, jambo ambalo liliniuma kuliko angepiga kelele.

Hilo peke yake tungelivumilia. Lakini mdomoni mwa bonde inajengwa barabara mpya, na chini ya barabara patawekwa karavati, yaani lile tundu la zege la kupitishia maji. Wahandisi walilipima kwa ramani ya nani? Ya Wifi. Ramani ilisema bonde litabaki kinamasi miaka yote ijayo na litaendelea kunywa maji, kwa hiyo tundu jembamba linatosha. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kupaua na macho yake ni futi tosha, alikwenda kuangalia vigingi walivyosimamisha, akarudi akasema ni upana wa mlango wa choo. Kifusi kikijaza bonde na tundu likawa hilo, maji yatabaki na njia moja tu, nayo inapita sebuleni kwetu. Nilimwambia Wifi kwa maneno hayohayo Jumapili alipokuja. Kwa kawaida mimi nikisema jambo yeye hutafuta pa kunitania. Safari hii aliinuka, akaenda kusimama dirishani, na chai yake ikapoa mezani.

Sasa njooni muone tabu ya mtu aliyesoma.

Modeli ya Wifi ilikuwa imepata sifa. Walikuwa wameijaribu kwa kuificha ramani ya mwaka mmoja uliopita, wakaiambia iutabiri mwaka huo, kisha wakalinganisha na mji wenyewe. Ikapatia miraba tisa katika kila kumi. Mkuu wa idara aliipeleka kwenye kongamano, akarudi na cheti kwenye fremu, akakitundika mahali ambapo anayekuja kulipia kibali hawezi kukikwepa. Tangu siku hiyo alikuwa akiizungumzia modeli kama mzazi anavyomzungumzia mtoto aliyefaulu. Si mtu mbaya. Hakula rushwa ya mwenye malori, nimechunguza kila pembe. Laiti angekula, ningejua pa kumtukania.

Wifi alikwenda kumweleza kwamba bonde linafukiwa, ameyaona malori kwa macho yake, na ramani waliyowapa watu wa barabara si kweli tena. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kwa upole, kisha akaifungua ramani mezani.

"Modeli yako inasema bonde litabaki kijani," akasema. "Wewe unasema halitabaki. Sasa nimwamini nani, wewe au wewe?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Wifi alirudi chumbani kwake, akaifungua miraba ya bonde letu mmoja mmoja, na kuiendesha modeli upya. Umeme ulikatika katikati, ikabidi aanze tena. Ukakatika tena, akaanza tena. Mwishowe ilikwenda hadi mwisho, na bonde lote likawa jekundu kabla hata ya miaka sita kutimia. Akalichapa karatasi kubwa na kulipeleka likiwa bado na joto la mashine. Mkuu alilitazama, akavua miwani, akamuuliza nini kilichobadilika kati ya ramani ya kwanza na hii. Wifi akasema ameifungua ile miraba.

"Umeifungua kwa mkono."

"Na niliifunga kwa mkono, Mkuu."

"Uliifunga kwa sheria. Unaifungua kwa nini?"

"Kwa macho."

"Macho si data," akasema Mkuu, akalikunja lile karatasi vizuri na kumrudishia.

Wifi alitusimulia hayo akiwa amejilaza kwenye mkeka wa Mama, mkono juu ya macho. Alisema kinachomkera si kwamba yule mzee amekosea. Kinachomkera ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusema hivyo, maana miaka yote amekuwa akiwakemea wenzake wanaochora ramani kwa kukisia. Mimi niliposikia hivyo nilikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika. Nilishangaa mtu anawezaje kushtakiwa na kitu alichokitengeneza mwenyewe na akakosa shahidi.

Alimbembeleza Mkuu aje aone. Ilichukua muda, lakini alikuja, na hapo nampa haki yake. Alikuja na viatu vyeusi vilivyong'aa, akateremka nasi hadi kwenye kifusi, akasimama juu ya sinki lililovunjika, akatazama huku na huku. Lori moja lilikuja na kumwaga mbele yake. Vumbi likamjaa ndevuni. Nikajisemea moyoni, mwenye macho haambiwi tazama, leo yamekwisha.

Hayakwisha. Alikaa barazani kwetu, akanywa maji, akamweleza Mama kwa heshima zote kwamba amesikitika sana, lakini kifusi si aina ya matumizi ya ardhi. Kitabu chao kina aina tano. Hiki si msitu, si shamba, si maji, si nyumba. Kwa hiyo kwa sasa bado ni kinamasi, chenye kifusi. Tena akaongeza kwamba hata picha ya setilaiti ya mwaka jana programu iliposoma ule udongo mwekundu ilidhani ni shamba lililolimwa, na Wifi mwenyewe ndiye aliyesahihisha na kuandika kinamasi.

"Kwa hiyo mpaka lini?" Mama akamuuliza.

"Mpaka tuone jengo, mama yangu. Setilaiti ikiona paa, na mimi nitaona paa. Picha ya mwaka huu itapigwa mawingu yakishatoka, na ramani ya mwisho ya watu wa barabara itatokana na picha hiyo."

Akaaga, akapigapiga viatu vyake ukingoni mwa baraza, akaondoka. Wifi alimsindikiza. Sisi watatu tukabaki barazani, na nikamwona Mama anageuza kichwa polepole kuelekea nyuma ya nyumba, ambako mume wangu huweka mabati chakavu anayoyang'oa kwenye mapaa ya wateja.

Sitasema wazo lilikuwa la nani. Mama akiwa na jambo lake hasemi, huanza tu kulifanya. Mawingu yalipotoka tulikuwa tumeshayashusha mabati yote bondeni, sisi na majirani wa nyumba za chini, tukayalaza juu ya kifusi na kuyawekea mawe yasipeperuke. Mume wangu aliyapanga kwa vipimo, hili paa la vyumba viwili, hili la duka, hakuweza kujizuia. Dereva mmoja wa lori aliteremka kutuuliza tunafanya nini. Mama akamwambia tunayaanika. Wifi hatukumwambia kitu. Jumapili mbili mfululizo tulimzuia asije, mara Mama ana mafua yanayoambukiza, mara mimi nimepata kazi ya sare za shule nzima na nyumba haina pa kukanyaga. Tulijua msimamo wake. Tuliamini picha ikishatoka ataona imekwisha kuwa, ataiandika, na maisha yataendelea.

Njia ya mwongo ni fupi. Wifi aliifungua ile picha ofisini kwake, na kitu cha kwanza alichokiona ni bonde la mama yake linang'aa. Kati ya yale mabati kulikuwa na machache ya rangi ya bluu iliyobabuka, tuliyoyang'oa jikoni kwetu tulipobadilisha paa, na yeye ndiye aliyeyapaka rangi hiyo akiwa msichana. Jioni ile aliingia bila hodi. Hakupotea njia.

"Mnataka niandike nyumba?" akauliza, bado amesimama, mkoba begani.

"Tunataka karavati pana," nikamjibu. "Andika unachotaka mradi karavati liwe pana."

"Nikiandika nyumba litakuwa pana, kweli. Na bonde litatoka kwenye sheria. Mraba ukishaitwa makazi hakuna anayeweza kumzuia mtu asijenge. Huyo mwenye malori atakwenda kuomba kibali asubuhi na atapewa kabla ya mchana. Wifi, mmemjengea."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaza hilo. Mume wangu alikaa, akashika tama. Mimi badala ya kunyamaza nilipandisha hasira, kwa sababu mtu aliyekosea huwa mkali zaidi. Nikasema, basi aandike kijani kama kawaida yake, karavati liwe mlango wa choo, na mvua ikija aje na kompyuta yake atuogeleshe nayo. Nikamwambia kwamba yeye amepanga chumba juu mlimani karibu na ofisi, hawezi kujua. Nilisema na mengine. Nilimchukia jioni ile, na nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa na haki, na haki yake haikuwa na faida yoyote kwetu.

Ni Mama aliyetukatiza. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye amelima pale tangu hawa watoto hawajazaliwa na hajui pale sasa paitwe nini. Kinamasi hapana, nyumba hapana. Kama ofisi inajua, imwambie.

Wifi alivuta kiti changu cha cherehani, akakaa, akatoa simu. Alimpigia mhandisi wa karavati, bwana mmoja mpole ambaye Wifi alishambembeleza mara nyingi huko nyuma, naye kila mara akamjibu kwamba hawezi kupima karavati kwa neno la mtu, anapima kwa ramani. Aliweka sauti juu tusikie sote.

"Ramani ikisema kinamasi unapima kinamasi," Wifi akasema.

"Ndiyo."

"Ikisema nyumba, unapima nyumba."

"Ndiyo, dada. Tumeshayazungumza haya."

"Na isiposema kitu?"

Upande wa pili tulisikia mlango unafungwa, kama vile alikuwa amehama chumba.

"Isiposema kitu, kanuni zetu zinanilazimisha nihesabu hali mbaya kuliko zote," mhandisi akasema. "Kama zege tupu lisilonywa maji. Lakini ramani zenu huwa hazina pengo hata moja. Ndiyo sifa yenu."

Wifi alimshukuru, akakata simu, akaomba chai. Aliinywa yote.

Kesho yake aliitengeneza rangi ya sita. Miraba yote yenye mabati na kifusi, ambayo kitabu cha aina tano hakina jina lake, aliipaka kijivu, na pembeni kwenye orodha ya rangi akaandika neno moja: haijulikani. Modeli nayo, isipojua pa kuanzia, haiwezi kujua pa kufikia, kwa hiyo katika kila ramani ya miaka ijayo bonde letu likabaki doa la kijivu katikati ya mji uliochorwa hadi kichochoro cha mwisho. Na maelezo akayaandika bila kuficha: kuna kifusi, juu yake kuna mabati yaliyolazwa chini, hakuna ukuta, hakuna mtu anayeishi. Hakututaja, lakini hakudanganya kwa ajili yetu. Hilo nalo lilinichukua muda kulimeza.

Mkuu alighadhibika, na kwa mara ya kwanza tangu afanye kazi naye Wifi alimsikia akipaza sauti. Ujia mzima ulisikia. Alimwambia ofisi hii inajulikana kwa kujua. Watu wanasafiri kuja kuiona ofisi inayojua. Yeye atawapelekeaje watu wa barabara ramani yenye tundu kama soksi?

"Leo hatujui, Mkuu," Wifi akamjibu. "Kama wewe unajua, piga rangi na uweke sahihi yako."

Kwao anayeisoma picha ndiye anayeisainia, na atakayefuta alichosoma mwenzake anasaini yeye. Mkuu alishika kalamu. Wifi anasema aliitazama ramani kwa muda mrefu, na huenda alikuwa analiona tena lile sinki na lile vumbi, sijui, maana mtu akishasimama juu ya kitu ni kazi kukiita kingine kwa sahihi yake mwenyewe. Akairudisha kalamu mezani. Ramani ikaenda na kijivu chake.

Karavati likamwagwa pana, la milango mitatu, lori linaweza kupita chini yake. Mama alikwenda kutazama zege linavyomwagwa, na mwavuli wake kichwani kwa sababu ya jua, akawa anawasumbua vibarua kwa kuwauliza kama wameweka nondo za kutosha. Mvua zilipokuja maji yalijaa upesi kuliko zamani, maana bonde halinywi tena. Yalipanda hadi kizingitini. Tulikuwa tumeshapandisha magunia na cherehani juu ya meza. Yakakaa pale kizingitini kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, kisha yakaanza kushuka, na tukayasikia yakinguruma huko chini kwenye milango ya karavati. Mume wangu alilia. Alisema ni moshi wa jiko.

Hapo ningependa kukomea, lakini nitakuwa nadanganya. Malori hayajaacha. Yamefika sasa kwenye matete ya mwisho, na yale mabati yetu yalishafukiwa zamani, mume wangu bado anayasikitikia. Wifi aliondolewa chumba cha mwisho cha ujia. Hakufukuzwa, walisema anapumzishwa. Wamempeleka stoo ya ramani za zamani, kuzipitisha moja moja kwenye mashine ya kuzinakili, kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya. Anapiga chafya kutwa nzima. Modeli amepewa kijana mmoja mstaarabu sana, na kazi yake ya kwanza, mara tu karavati lilipokauka, ilikuwa kusafisha ile ramani. Miraba ya kijivu ilimkera. Alitafuta ramani ya mwaka uliotangulia, akaona pale palikuwa kijani hafifu, akapajaza kijani hafifu, akasaini bila hata kuuliza ni wapi. Akaifunga tena, kwa sheria.

Nilipoambiwa nilitaka kwenda kumkunja shati. Wifi akaniambia nisijisumbue, zege haliwezi kusafishwa kwa kompyuta. Alisema hivyo akicheka, lakini namfahamu. Nimemwona akiwa hajui kwamba namtazama, amekaa barazani kwetu na uso wake kuelekea bondeni, midomo inahesabu miraba.

Juzi Mama alitaka apelekwe idarani. Alisema haiwezekani mtu mzima aje kunywa maji barazani kwako, na baadaye akuwekee karavati, na wewe usirudishe hata salamu. Tulimweleza kwamba karavati hakuliweka Mkuu. Akasema hakulizuia, na siku hizi hiyo ni fadhila. Tukaenda, mimi na yeye, amevaa nguo zake za kutokea. Mkuu hakuwepo. Wifi alitoka stoo kutupokea, vumbi kwenye nyusi, akatupitisha kwenye ule ujia mrefu ili tukakae chumba cha wageni.

Karibu na cheti, kwenye fremu mpya ya kioo, ilikuwa imetundikwa ramani ya mji wa miaka ishirini ijayo. Mama hakuwa amewahi kuiona kazi ya mwanawe. Alisimama, akatoa miwani kwenye mkoba, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Akauliza sisi tuko wapi. Wifi alisita kidogo, kisha akaweka kidole juu ya kioo. Kulikuwa na mstari wa barabara, na ndani yake bonde zima, kijani laini kutoka ukingo hadi ukingo, bila lori, bila sinki, bila bati, na pembeni mraba mmoja mwekundu peke yake.

"Hapo ndipo kwetu?"

"Ndipo, Mama."

Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Watu wakatupita na mafaili yao.

"Pazuri," akasema. "Tunahamia lini?"